Jinsi ya kupanga miaka miwili ya kwanza ya shahada ya kinesiolojia

Katika kazi yangu ya kuwashauri wanafunzi wa kinesiolojia, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, wanaokwama kwa sababu ya kufeli ni wachache. Wengi hukwama mwaka wa tatu, wanapotaka kujiandikisha somo muhimu na kukuta hawaruhusiwi, kwa kuwa kuna somo dogo waliloliruka mwaka wa kwanza. Kwa hiyo panga ukianzia mwisho.

Hatua ya 1: Amua unakoelekea

Utabadili mawazo, hilo halina shida. Andika hata njia mbili: ukocha, utafiti, ualimu wa elimu ya viungo, udaktari, fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi). Anayetaka fiziotherapia awe makini kuliko wote. Katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, mtu anaweza kuisomea moja kwa moja kama shahada ya kwanza. Ikiwa ndivyo ilivyo unakotaka kufanya kazi, kinesiolojia itakuzungusha, na ni heri ulijue hilo mapema. Kanada huisomea katika ngazi ya uzamili, na Marekani katika ngazi ya shahada ya udaktari wa fiziotherapia, baada ya shahada ya kwanza. Vyuo vya Marekani kwa kawaida hudai fizikia na kemia zenye maabara, anatomia (muundo wa mwili), fiziolojia (utendaji wake), takwimu na saikolojia. Shahada yako huenda isikulazimishe kuyasoma yote hayo, kwa hiyo unaweza kuhitimu vizuri kabisa na bado ukakosa sifa za kuendelea.

Hatua ya 2: Chora mnyororo wa masomo tangulizi (yanayotakiwa kabla ya mengine)

Chukua karatasi na mwongozo wa masomo wa chuo chako. Upande wa kulia andika masomo mazito ya mwaka wa tatu: biomekanika (fizikia ya mwendo wa mwili), fiziolojia ya mazoezi, udhibiti wa mwendo. Kisha rudi nyuma, mshale kwa mshale. Mara nyingi biomekanika inadai anatomia na fizikia, na fizikia nayo inadai hisabati. Maana yake hisabati ni ya muhula wa kwanza kabisa. Kando ya kila somo andika linafundishwa muhula gani. Somo linalotolewa mara moja kwa mwaka litie alama nyekundu, maana ukilikosa umepoteza mwaka mzima.

Usiichukulie fizikia kama adhabu. Shika uzito wa kilo 5, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90. Uzito huo unavuta chini kwa kani ya takriban niutoni 50. Ukiwa sentimita 30 kutoka kiwikoni, momenti yake, yaani nguvu ya kuzungusha kiungo, ni niutoni-mita 15. Sasa msuli wa bisepsi, ule wa mbele ya mkono wa juu, umejishikiza sentimita chache tu kutoka kwenye kiungo, tuseme 5. Ili kusawazisha, lazima msuli huo uvute kwa niutoni 300, mara sita ya uzito wenyewe, na hapo hatujahesabu uzito wa mkono. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii anaingia kwenye biomekanika akiwa tayari ameshika kiini chake.

Hatua ya 3: Gawa maabara

Muhula mmoja usibebe anatomia, kemia na fizikia kwa pamoja. Maabara mbili zinatosha. Nafasi inayobaki ijaze kwa saikolojia au somo la hiari la kusoma na kuandika tu, lisilo na maabara. Idadi ya krediti haionyeshi ukweli wote, kwa sababu saa za maabara na ripoti zake hula muda kuliko zinavyohesabiwa.

Hatua ya 4: Ipe anatomia muhula mwepesi kuliko yote

Hapa sina mjadala. Kila somo la mbele litakuuliza anatomia. Anza na mifupa, 206 kwa mtu mzima, pamoja na matuta na mashimo yake, ndipo uende kwenye misuli. Kwa kila msuli jifunze unapoanzia, unaposhika, unachofanya na neva inayouendesha. Usikariri orodha tupu: misuli minne inayozunguka bega ishike mwilini mwako, zungusha mkono nje na ndani, uinue pembeni, uuhisi unavyofanya kazi. Soma kidogo kila siku. Kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani wa vitendo hakusaidii, kwa sababu mtihani huo unataka utambue kitu kilichowekwa mbele yako kwa muda mfupi.

Hatua ya 5: Takwimu mwaka wa pili, uangalizi mapema

Takwimu isivuke mwaka wa pili, la sivyo utasoma makala za utafiti bila kuzielewa. Saa za kuangalia wataalamu kazini anza kuzikusanya mwaka huohuo, na kila mara andika tarehe, mahali na jina la msimamizi aliyekupokea.

Hatua ya 6: Peleka mchoro kwa mshauri

Nenda kabla dirisha la kujiandikisha halijafunguliwa. Muulize mambo mawili: somo lipi kati ya haya halitafundishwa mwaka ujao, na nikifeli hili, lipi linasogea? Majibu yaandike kwenye mchoro uleule, na kila muhula ukiisha uuchore upya.