Jinsi ya kuisikiliza Sonata ya Saba ya Viktor Ullmann kwa sikio la mwanakwaya

Anzia mwisho. Sonata hii ya piano ina sehemu tano, na ukiingilia ya kwanza bila maandalizi utachoka kabla hujafika panapotugusa sisi waimbaji. Nafundisha kwaya ya Kilutheri hapa Kirumba, na vijana wangu huwa nawaanzishia sehemu ya tano.

Waeleze kwanza mtunzi ni nani. Ullmann alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1942 Wanazi walimfungia katika kambi ya Theresienstadt, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Humo humo aliimaliza sonata hii, tarehe 22 Agosti 1944, akaiandika kwa ajili ya wanawe. Wawili walikuwa wameshavushwa kwenda Uingereza. Oktoba ya mwaka huohuo alipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, akauawa. Wakishasikia hayo, watu hukaa mkao wa msibani. Watoe hapo. Mwenyewe aliandika kwamba wao wafungwa hawakukaa tu wakilia kando ya mito ya Babeli, na Zaburi ya 137 hakuna mwanakwaya asiyeijua.

Sasa imbeni. Sehemu hii imejengwa juu ya wimbo wa Kiebrania wa Yehuda Sharett, kwa maneno ya mshairi Raheli, aliyezikwa kando ya Ziwa Galilaya. Shairi lamtaja Raheli yule wa Biblia, mchungaji wa kondoo za Labani, kama damu ya mshairi mwenyewe. Cheza wimbo huo peke yake pale unapotajwa mwanzoni, mara tatu, kisha simamisha simu na wote waimbe kwa "la". Msisogee mpaka besi nao wameushika. Wengi huruka hapa, wana haraka ya kusikia piano ikinguruma. Lakini mbele wimbo utavalishwa nguo nyingine na nyingine, na asiyekuwa nao mdomoni ataupoteza.

Mwishoni inakuja fyuga: sauti moja inaanza, ya pili inaingia nyuma yake na wimbo uleule, kama teno wanapowafuata besi. Humo Ullmann ameficha vitu. Kuna jina la Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, B-A-C-H, kwa kuwa Wajerumani huziita noti kwa herufi, H nayo ikiwemo. Kwa solfa, ukiiweka do kwenye B ya Kijerumani (B-flat kwa Kiingereza), ni do, ti ya chini, re, halafu de. Liimbeni polepole, linabana kooni. Kuna pia wimbo wa vita wa Wahus, wafuasi wa Jan Hus wa Bohemia, na kuna Nun danket alle Gott, wimbo wetu wa shukrani.

Huo usiwaambie. Mimi niliunyamazia Jumamosi moja baada ya mazoezi. Umeme ulikuwa umekatika, nimeitumbukiza simu kwenye sufuria ili sauti ikue, dirishani zinaonekana taa za wavuvi wa dagaa. Mama mmoja wa alto akainua mkono: "Mwalimu, rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Akafumba macho, na fyuga ilipozidi kupanda akaanza kuimba Nun danket kwa Kiswahili, chini chini, juu ya piano ya yule mfungwa. Wengine wakamfuata. Ndipo nikawaambia kwamba maneno ya wimbo ule yaliandikwa na mchungaji Martin Rinckart wakati wa Vita vya Miaka 30, mji wake ukiwa na tauni na wakimbizi. Hakuna aliyeniuliza tena kwa nini nawapigia piano ya Wazungu.

Usijaribu kuipiga yote kwenye kinanda cha kanisani. Vingi vina funguo 61, piano ina 88, na vidole vitakuumbua. Piga wimbo wa Raheli tu, kwa mkono mmoja, kabla ya kusikiliza.

Wiki inayofuata rudini sehemu ya kwanza, msikilize yote mfululizo. Yachukua chini ya nusu saa. Waambie wasinyanyue mkono safari hii.