Kutengeneza K3C60: panda hadi sita, kisha ushuke tatu

Mwaka 1991 watafiti wa Maabara ya Bell, Marekani, walitia potasiamu (K) kwenye fulereni ya C60, molekuli ya mviringo ya atomu 60 za kaboni, wakapata K3C60, superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote) kwenye kelvini 18. Nimeipika kemikali hii mara nyingi, na kinachowakwamisha wanaoanza ni mizani. Kila mpira wa C60 unataka atomu tatu za potasiamu. Tatu hizo hutoa elektroni tatu, zinazojaza nusu ya nafasi zilizo wazi, na hapo umeme hupita. Zikifika sita nafasi zimejaa, na K6C60 haipitishi umeme.

Miligramu 100 za C60 zinahitaji miligramu 16.3 tu za potasiamu, metali laini inayonata kwenye kisu. Usijaribu kuzipima. Pitia njia hii.

1. Kausha C60 katika ombwe kwa nyuzi 200 za Selsiasi usiku kucha. Toluini (kiyeyushi) iliyobaki ndani ya fuwele itaharibu kila kitu.

2. Ndani ya kisanduku cha glavu (kisanduku kilichozibwa, unachofanyia kazi kwa glavu) chenye agoni, gesi isiyoungana na kitu, tia C60 upande mmoja wa mrija wa kioo na potasiamu ya kuzidi upande wa pili. Unyevu na oksijeni visizidi sehemu moja kwa milioni. Toa hewa, ziba mrija kwa moto.

3. Pasha upande wa C60 nyuzi 225, upande wa potasiamu 200. Tofauti hiyo ndiyo inayozuia metali isitone juu ya unga. Usikimbilie joto kubwa: mvuke wa potasiamu hula kioo na kukitia rangi ya kahawia. C60 ikishashiba, acha ncha ya potasiamu ipoe huku unga ukiwa bado moto, ili iliyozidi ikagande huko. Umebaki na K6C60, ambayo ni unga mkavu unaopimika.

4. Sasa hesabu ni nyepesi. Molekuli moja ya K6C60 na moja ya C60 huzaa mbili za K3C60, kwa hiyo miligramu 100 za K6C60 zinataka miligramu 75.4 za C60. Saga pamoja kwenye kinu cha akiki, humo humo ndani ya agoni. Saga kwa subira, kwa sababu potasiamu italazimika kusafiri kutoka chembe hadi chembe.

5. Ziba tena, oka kwa nyuzi 350 na baadaye 400 kwa siku kadhaa. Fungua, saga, rudia.

6. Pima kwa Raman, kipimo cha mitetemo ya molekuli kwa mwanga wa leza, leza ikiwa hafifu. Mstari wa C60 tupu uko 1469 kwa sentimita, nao hushuka takribani 6 kwa kila elektroni. Karibu na 1450 umefika. Ukiona pia mstari karibu na 1430, kuna K6C60 iliyobaki. Rudi hatua ya tano.

7. Mwisho, pima usumaku wake. Ziba sampuli na heliamu kidogo ya kusambaza baridi. Ipoze hadi kelvini 5 bila uga wa sumaku, washa uga wa oersted 10 (kizio cha uga wa sumaku), kisha ipashe polepole. Mstari wa usumaku utaanza chini ya sifuri na kupanda, ukirudi juu karibu na kelvini 19. Mstari huo ukiwa na kina kidogo chini ya sifuri, usiitupe sampuli: chembe ndogo mno huruhusu uga kupenya hata kama kemia yake ni sahihi.

Mabaki ya potasiamu yaue kwa isopropanoli, tone kwa tone, ndani ya agoni. Maji yasiyaguse kabisa.