Somo: Kumtafutia mtoto wa paka nyumba ya kweli

Masika yakianza, Dar es Salaam inajaa vilio vya watoto wa paka. Wengine wamesombwa na maji ya mitaro, wengine wametupwa jalalani ndani ya kiroba, wengine mama yao kagongwa na gari nao wamebaki chini ya kibanda cha mama lishe. Kila mwaka napokea wawili watatu hapa nyumbani Temeke, na kila mwaka naulizwa swali lile lile: nimemwokota, sasa nimpe nani?

Miaka ya mwanzo nilikuwa natoa paka kwa yeyote aliyesema "nipe mimi". Kuna mmoja, jike la mabaka ya kijivu, nilimtoa mtaa wa pili siku ile ile aliyoombwa. Baada ya wiki tatu nikapita kumjulia hali. Nikaambiwa kafa, alikula panya aliyekula sumu. Kisha yule aliyempokea akaniambia kwa upole, "Hata wa kabla yake alikufa hivyo hivyo." Hakuwa mtu mbaya wala hakuwa na la kuficha. Ningemuuliza mapema paka wake wa kwanza aliishia wapi, angenijibu. Sikuuliza. Somo hili lote limetoka hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli hana mama

Ukimkuta mkavu, katulia, tumbo limejaa, muache kwanza. Mama yake ameenda kutafuta chakula. Kaa mbali, rudi baada ya saa mbili tatu. Lakini anayelia bila kukoma, mchafu, mwili wa baridi, au siafu wameshaanza kumtambaa, huyo mbebe sasa hivi.

Hatua ya 2: Jua umri wake

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya mbele huanza kuchomoza wiki ya tatu hivi. Macho ya rangi ya buluu maana yake bado hajapita wiki ya saba au hapo karibu. Njia nyingine nzuri ni mizani ya duka la nafaka: wa mwezi mmoja huwa karibu gramu 450, wa miezi miwili karibu gramu 900. Aliyekonda atakudanganya kwa uzito, kwa hiyo tazama na meno.

Umri ndio unaoamua lini atoke kwako. Asitoke kabla ya wiki 8, na akikaa hadi wiki 10 au 12 ni bora zaidi, hasa kama yuko na ndugu zake. Kwenye kuchezeana ndiko wanakojifunza kwamba kung'ata kunauma.

Hatua ya 3: Afya kabla ya matangazo

Kwanza joto. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga, ndani ya boksi, na nafasi ya yeye kujisogeza pembeni akizidiwa. Usimlishe akiwa wa baridi, tumbo lake halitasaga. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuharisha kunawaua haraka kuliko njaa yenyewe. Kliniki kadhaa za mijini huuza maziwa ya unga ya watoto wa paka. Ukiyakosa, mpigie daktari wa mifugo akuambie cha kushikilia usiku huo. Anyonye akiwa amelalia tumbo, kamwe asilazwe chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Wa chini ya wiki tatu hawezi kukojoa mwenyewe: mpanguse taratibu sehemu za chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula. Kuanzia wiki ya nne mwanzishie chakula laini, samaki aliyechemshwa na kutolewa miba.

Dawa ya minyoo huanza mapema, wiki ya pili au ya tatu, na kurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane. Kipimo kinatokana na uzito, mwachie daktari. Chanjo ya magonjwa ya paka huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu. Muulize afisa mifugo wa kata yako kuhusu kampeni za chanjo, hasa siku za kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mambo mawili naomba muyashike kwa nguvu. Panadol inaua paka, hata kipande. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaua paka pia. Kila mwaka nasikia mtu kapoteza paka kwa moja ya hayo mawili, na alikuwa anamtibu kwa mapenzi yote. Mtoto mwenye viroboto wengi, ufizi ukipauka, tayari ameishiwa damu: mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mkaushe hapo hapo, mchane kwa chanuo la meno ya karibu karibu, kisha kimbia kwa daktari.

Yote uliyofanya andika kwenye daftari dogo. Hilo daftari litaondoka naye.

Hatua ya 4: Tangaza ukweli

Piga picha mlangoni penye mwanga. Taja umri, jinsia (aithibitishe daktari, maana watu wengi hukosea), chanjo alizopata, na tabia yake halisi. Kama ana jicho moja, sema. Kama anaogopa wanaume, sema. Usiandike "paka bure, anayetaka aje", wala usitaje nyumba yako ilipo. Anza na watu wanaojuliwa na watu unaowajua: kazini, msikitini au kanisani, jumuiya, kundi la wazazi wa shule.

Hatua ya 5: Mazungumzo

Hapa usikimbie. Wala usimhoji mtu kama yuko kituo cha polisi. Kaeni, pigeni soga, atakwambia mwenyewe.

Swali la kwanza ni lile nililolilipia: paka wako wa mwisho yuko wapi? "Alizeeka, alikuwa na miaka kumi" ni jibu. "Tulihama tukamwacha" ni jibu pia. Hata "alipotea" lisikupite, uliza alipotea vipi na walimtafuta siku ngapi. Aliyempoteza paka kwa kosa, akasema kosa lenyewe na alichobadilisha, mimi humpa moyo wangu wote.

Kisha uliza mnauaje panya hapo nyumbani. Wengi humtaka paka kwa ajili ya panya na bado wanatega sumu. Viwili hivyo havikai nyumba moja. Na sumu ikiwa kwa jirani, basi ajue, na azungumze na jirani kabla paka hajafika.

Nyumba ni yake au amepanga? Kama amepanga, mwenye nyumba anajua? Watoto wangapi wa paka wamerudi barabarani kwa neno moja la mwenye nyumba! Mkisafiri mwezi mzima kwenda kijijini, nani anabaki naye? Atakula nini? Sitegemei jibu la chakula cha dukani. Ugali na dagaa wa kutosha kila siku, na maji safi, ni mwanzo unaoeleweka, "atajitafutia" siupokei. Na wote wa nyumba hiyo wameridhia? Bibi mwenye pumu, mume asiyependa manyoya, dada wa kazi ambaye ndiye atakayesafisha: hao ndio wataamua maisha ya huyu mnyama, kuliko hata anayeongea na wewe.

Ukiweza, nenda ukaone. Ghorofani angalia wavu wa madirisha. Uswahilini angalia kisima kisichofunikwa, mbwa, na umbali wa barabara kuu. Asiyetaka kabisa ufike kwake, msubirishe.

Hatua ya 6: Siku ya kumkabidhi

Mpeleke wewe, ndani ya boksi lenye matundu au kapu lenye kifuniko, siyo kwenye kiroba. Weka kitambaa alichokuwa analalia. Waeleze wamweke chumba kimoja siku tatu za mwanzo, na beseni la mchanga pembeni mbali na chakula, wasimlazimishe kubebwa.

Andikianeni karatasi. Siyo ya mahakamani, ingawa Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na ukatili ni kosa. Mimi huandika mambo matatu: atamaliziwa chanjo, atahasiwa au kufungwa kizazi, na wakishindwa kumtunza watamrudisha kwangu, saa yoyote, bila lawama. Kuhusu kizazi, jike linaweza kushika mimba likiwa na miezi minne tu, na mimba yenyewe ni kama siku 63 hadi 65. Panga tarehe na daktari mapema.

Piga simu siku ya tatu, wiki ya pili, na mwezi wa tatu. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Basi simu ya mwezi wa tatu ndiyo itakayokuonyesha kama ameshakuwa paka wa nyumba ile.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mombasa: Dada, asalaam alaykum. Nikimwomba anayemchukua arudishe gharama za chanjo, si nitakuwa nimeuza paka? Mama mkwe ananikataza.*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Mama ana msingi: imepokewa kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza thamani ya mbwa na paka, na wanazuoni wamekhitilafiana, wako wanaoruhusu kuuza paka wa kufugwa na wako wanaokataza. Muulize sheikh wenu ili nyumba itulie. Mimi sishiki pesa. Namwambia mpokeaji twende wote kwa daktari, alipe mwenyewe chanjo inayofuata. Anayelipia sindano leo hamtupi kesho kirahisi. Na mkumbushe mama hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Atakuunga mkono kwenye kuchagua nyumba.

*Kutoka Tanga: Ninaye mweusi tii. Kuna mtu amepiga mara nne, anasafiri kutoka mbali, anauliza tu kama hana doa jeupe.*

Usimpe. Hakuuliza anakula nini wala ana umri gani. Anayetaka rangi pekee, tena bila doa, ana lake, na mara nyingi ni la waganga. Mwambie ameshapata nyumba. Paka weusi huchelewa kwa sababu ya hofu za watu, lakini nimewatoa watano na wote wako salama. Mpige picha juani, manyoya yang'ae.

*Kutoka Mbeya: Mwenye ghala la mpunga anamtaka. Ni nyumba ya kuwajibika hiyo?*

Inaweza kuwa. Asiwe na sumu humo, paka apewe chakula kila siku (aliyeshiba bado anawinda), apate mahali pakavu pa kulala, na awepo mtu mmoja mwenye jina lake kwenye jukumu hilo, siyo "vijana watamwangalia". Kama una ndugu wawili, watoe pamoja. Wa wiki nane usimpeleke ghalani, subiri akue.

*Kutoka Morogoro: Mtoto wetu wa paka alikufa mwezi uliopita, alitapika na kuhara siku mbili tu. Watoto wanalia, naomba mwingine.*

Poleni sana. Maelezo yako yanafanana na panleukopenia, ugonjwa hatari wa paka unaoletwa na kirusi, na kirusi chake kinaweza kudumu nyumbani mwaka mzima. Choma matandiko na boksi, osha sakafu, kisha pitisha Jik iliyochanganywa na maji na uiache dakika kumi. Kwa sasa nisingekupa mtoto. Nitakutafutia mkubwa aliyekamilisha chanjo.

*Kutoka Nairobi: Aliningata nilipokuwa namtoa kwenye mtaro. Kidonda ni kidogo.*

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali leo, usingoje kuona kama paka ataugua. Kichaa cha mbwa kikishaanza dalili hakina tiba. Mambo ya nyumba ya paka tutayazungumza ukirudi.

*Kutoka Kigamboni: Wangu amefika miezi mitano, watu sita wamekuja na wote nimewakataa au wamekataa. Je, nakosea?*

Kuwakataa si kosa. Tazama upya tangazo lako: picha ile ya wiki nane haimfanani tena, piga mpya. Mpeleke akafungwe kizazi sasa, kisha uandike hivyo juu kabisa, maana wengi hukimbia gharama hiyo. Wale waliokataa waulize kwa upole sababu. Na nikuulize mimi: miezi mitatu hii amelala wapi usiku?