Kukuza kituo cha kambi na mafungo huku Kusini: anza na kalenda, saruji baadaye

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kituo: mabanda machache, jiko, ukumbi, kipande cha ufukwe au cha kilima, na hamu ya kukipanua. Nasimamia kituo cha aina hiyo upande wa Mikindani, Mtwara, kusini mwa Tanzania. Wenzangu wa Lindi, Masasi na Newala wakinipigia simu, swali la kwanza huwa lilelile: tuongeze mabanda mangapi? Jibu langu nalo halibadiliki. Mchoro wa fundi weka kando kwanza, lete daftari la wageni.

Hatua ya 1: Hesabu usiku, usihesabu vitanda

Kipimo chako kiwe kitanda kimoja kilicholaliwa usiku mmoja. Tuchukulie mfano wa kituo chenye vitanda 48. Kwa mwaka kina nafasi 17,520 za kulala (48 mara 365). Sasa fungua daftari. Kambi ya watoto ya Juni, usiku 10, imejaa: 480. Kambi ya Desemba, usiku 10, watoto 40: 400. Mafungo ya wikiendi 20, watu 30, usiku mbili mbili: 1,200. Semina 15 za watu 20, usiku tatu tatu: 900. Jumla 2,980. Hiyo ni asilimia 17 tu ya nafasi ulizonazo.

Mwenye kituo hiki atakuapia kwamba kimejaa, kwa sababu anakumbuka ule Juni aliokataa watoto. Akijenga banda la vitanda 24, atavuna usiku 240 za ziada kwenye kambi ya Juni, basi. Siku nyingine banda hilo litalala na popo. Akipata wikiendi kumi zaidi za watu 30, anavuna 600 bila kununua tofali hata moja. Fanya hesabu hii kwa kituo chako kabla hujaendelea na hatua inayofuata. Kama hukuwa na daftari, tumia risiti na miamala ya simu ya mwaka uliopita.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya Kusini

Hapa tumia muda. Chukua karatasi kubwa, chora miezi 12, halafu weka vitu hivi kimoja kimoja.

*Shule.* Likizo ndefu ni mbili, ya katikati ya mwaka kuanzia Juni na ya Desemba. Wengi wanaishia hapo. Wanasahau kwamba darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba na wanakaa nyumbani mpaka Januari, na kidato cha nne wanamaliza Novemba wakisubiri kidato cha tano mwaka unaofuata. Hao wanaweza kuja katikati ya wiki, siku ambazo wewe huna mgeni.

*Jando na unyago.* Ukiandaa mpango ukasahau hili, umeuandika ukiwa Dar es Salaam. Likizo unazozitegemea wewe ndizo ambazo familia nyingi za Kimakonde, Kiyao na Kimwera huwapeleka watoto kuchezwa. Mtoto aliye likumbini, yaani kwenye kambi ya jando, haji kambini, na mzazi aliyealika ukoo mzima kwenye ngoma ya kumtoa mwanawe hana fedha ya kambi mwezi huo. Usishindane na jando. Muulize mwenyekiti wa mtaa na bibi zetu wanaosimamia unyago mwaka huu kuna nini na lini, kisha sogeza wiki zako. Mahali ambapo wazazi wameniona nauliza kabla, wamenitumia watoto wao baada ya ngoma.

*Korosho.* Minada huanza Oktoba hivi, na fedha hufika kwa wakulima kupitia AMCOS zao (vyama vya msingi vya ushirika) wiki zinazofuata, Novemba mpaka Januari. Kwa hiyo kambi ya Juni iuzwe Novemba. Andaa karatasi yenye bei, tarehe na namba ya malipo, ipeleke kwenye mikutano ya vyama vya msingi, mashuleni, misikitini na makanisani. Pokea kwa awamu: theluthi Novemba, theluthi Januari, iliyobaki mtoto anapofika. Ukisubiri Mei, utamkuta mzazi ananunua salfa ya kupulizia mikorosho. Na kwa wa uwandani huko Newala na Tandahimba, usiweke kambi Oktoba na Novemba. Watoto wanahitajika kuokota korosho. Miezi hiyo soko lako ni watoto wa mjini.

Tukiwa kwenye salfa: ikiwa umepakana na mashamba, ujue jirani hupuliza kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani. Vumbi lile la njano likivuka ua, watoto wenye pumu ndio wa kwanza kukohoa. Kubaliana na jirani tarehe. Ni mazungumzo ya dakika kumi na kilo mbili za sukari.

*Ibada.* Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2026 inakutana na Kwaresima katikati ya Februari. Kwaresima ni msimu wa mafungo ya Wakristo. Ramadhani mchana jiko linapoa, lakini vikundi vya vijana wa Kiislamu vinaweza kutaka wikiendi za darsa zenye futari na daku. Mpishi wako anaweza yote mawili kwa wakati mmoja? Jibu swali hilo Desemba, usingoje Februari.

*Mvua na barabara.* Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na wakati mwingine inaingia Mei. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Kilwa, magari yakakwama huko. Machi mpaka Mei panga wageni wa hapahapa: Mtwara mjini, Mtama, Ndanda, Masasi. Wa Dar es Salaam waje kipupwe na kusi, hewa ikiwa kavu na ubaridi wa kupendeza.

*Mwaka wa fedha.* Serikali inaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo Mei na Juni ofisi nyingi hukimbizana kumaliza bajeti za mafunzo. Semina hizo ni nzuri, ila malipo yake yanaweza kukaa miezi. Pokea kwa oda ya maandishi tu, na usiruhusu madeni ya semina yazidi fedha unayohitaji kulisha kambi ya Juni.

Ukimaliza, karatasi itaonyesha matundu. Matundu hayo ndiyo mpango wako wa ukuaji.

Hatua ya 3: Chagua wateja wawili wa kujaza matundu

Wawili, au watatu mwisho. Kituo kinachotaka maharusi, semina, mafungo, watalii na watoto kwa pamoja huishia na muziki wa sherehe ukutani kwa watu waliokuja kukaa kimya. Kwangu mimi ni watoto na mafungo. Semina naziweka katikati ya wiki. Sherehe sipokei, na nimeshazoea kulaumiwa.

Hatua ya 4: Tafuta gharama ya usiku mmoja

Rudi kwenye mfano wetu. Mishahara ya kudumu, walinzi, umeme, matengenezo na leseni tuseme ni shilingi 4,200,000 kwa mwezi, yaani 50,400,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 2,980: kila mgeni anabeba karibu 17,000 kabla hajala. Ongeza chakula cha siku, tuseme 12,000. Umefika 29,000. Ukitoza 25,000 unapoteza 4,000 kwa kila kichwa, na kadiri unavyotangaza kwa bei hiyo bila kujua, ndivyo unavyojidanganya kwamba mambo yanakwenda.

Sasa jaza matundu ufikishe 4,500. Gharama ya kudumu inashuka mpaka 11,200 kwa usiku. Pamoja na chakula ni 23,200. Bei ileile ya 25,000 imeanza kulipa, na hujamwongezea mzazi hata shilingi. Weka namba zako halisi.

Chakula kipunguze kwa kununua cha msimu: mbaazi, mihogo, nazi, samaki wa asubuhi pale pwani. Ming'oko (viazi pori vya huku) ya kuchemsha saa kumi jioni inawapendeza watoto wa Dar es Salaam kuliko biskuti, na ni nafuu.

Hatua ya 5: Pima maji na vyoo kabla ya kitu kingine

Siku kituo kimejaa, simama nje ya mabafu saa kumi na mbili asubuhi, usiseme kitu. Angalia foleni ya ndoo. Angalia nani anakwenda vichakani. Angalia bomba la mwisho linatoa maji kiasi gani wakati yote yamefunguliwa. Hapo ndipo utajua kituo chako kinabeba watu wangapi, vitanda havikuambii.

Lita 50 kwa mtu, watu 48, ni 2,400. Weka na jiko na wafanyakazi, sema 3,000 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 halimalizi siku mbili. Kisima cha karibu na bahari kikivutwa sana huanza kutoa maji ya chumvi, hivyo usikifanye tegemeo la upanuzi. Vuna mvua: milimita moja juu ya mita za mraba 100 za bati ni lita 100, ukitoa inayopotea. Vyoo, kipimo cha shule zetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kambini wote wanaamka saa ileile, hivyo weka zaidi. Fedha ya kwanza ya upanuzi iende hapa.

Hatua ya 6: Usalama wa watoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote chini ya miaka 18, kwa hiyo kijana wa kidato cha nne naye kwa kawaida ni mtoto, hata kama ana ndevu. Mjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kila kambi kabla haijaanza. Kila mlezi alete wadhamini wawili unaoweza kuwapigia. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja chumbani. Namba 116, ya bure kwa mambo ya watoto, ibandikwe mlangoni mwa kila banda. Neti kila kitanda, na gari lenye mafuta usiku kucha kwa ajili ya kwenda hospitali ya Ligula mjini Mtwara au iliyo karibu nawe.

Kuogelea kupangwe kwa maji kujaa na kupwa. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) yanatoka mbali, yanarudi kwa kasi. Ratiba iliyoandika "kuogelea saa nne" kwa siku kumi imeandikwa na mtu asiyeijua pwani. Mwite mvuvi mzee wa hapo akae na mratibu, waandike saa pamoja.

Hatua ya 7: Ardhi na karatasi

Kwa ufupi. Ndani ya mita 60 kutoka maji ya bahari sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu; banda la "kutazama machweo" lisikae hapo. Ardhi ya kijiji inapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, usitegemee sahihi ya mtu mmoja. Zimamoto, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), leseni ya biashara na ya utalii, TRA: weka tarehe za kuisha kwake kwenye kalenda ileile ya Hatua ya 2. Ukipeleka watoto Msimbati, ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuna kiingilio. Kiweke kwenye bei tangu mwanzo. Na basi dogo likizama kwenye mchanga kule, mtalisukuma wote.

Hatua ya 8: Andika miaka mitatu kwenye ukurasa mmoja

Mwaka wa kwanza: maji, vyoo na matundu ya kalenda. Mwaka wa pili: mtu wa kudumu wa kuuza na kupokea malipo, maana wewe huwezi kuwa jikoni na kwenye mkutano wa AMCOS kwa wakati mmoja. Mwaka wa tatu, na kwa masharti, ndipo mabanda.

Masharti yaandike kwa namba. Yangu ni haya: umefikisha asilimia 35 ya usiku wote, umekataa wageni katika miezi minne tofauti (si Juni pekee), na una akiba ya kuendesha kituo miezi mitatu bila mgeni. Likikosekana moja, fundi asubiri. Kikao cha kupitia namba kifanyike wiki ya mwisho ya Januari, baada ya kambi ya Desemba na malipo ya korosho, mhasibu, mpishi na mlinzi wa usiku wakiwepo. Mlinzi ndiye anayejua ni usiku gani taa zilikuwa zinawaka.