Kulinda maparachichi yanapohamishwa kutoka meli hadi meli: kazi inayoanzia shambani

Kontena la maparachichi linalopakiwa Njombe au Rungwe kwenda Ulaya mara nyingi halisafiri kwa meli moja hadi mwisho. Huondoka Dar es Salaam hadi bandari kubwa ya kati, kama Salalah nchini Oman au Jebel Ali kule Dubai, ambako hushushwa, husubiri uwanjani, kisha hupakiwa kwenye meli nyingine inayokwenda Rotterdam au kwingineko sokoni. Wakulima wengi hudhani kuwa uharibifu unaotokea katika hatua hiyo ni jambo la mabaharia na makuli peke yao, lakini sehemu kubwa yake huamuliwa kabla kontena halijafika Makambako, njiani kuelekea bandarini.

Katika bandari ya kati, kontena la ubaridi huchomolewa umeme wa meli, hunyanyuliwa na kreni, hubebwa na lori hadi kwenye safu za makontena, ndipo linapounganishwa tena na umeme. Siku ya kuondoka hatua hizo hufanyika upya kwa mpangilio wa kinyume. Kila uhamisho, kwa hiyo, una angalau vipindi viwili visivyo na umeme na mitikisiko kadhaa, na foleni ikiwa ndefu vipindi hivyo hurefuka. Kati ya Juni na Agosti, wakati sisi tunavuna kwenye baridi, joto la mchana la Jebel Ali huvuka nyuzi 40. Mkulima wa Kiwira au wa Wanging'ombe hawezi kuwa pale kusimamia. Anachoweza ni kupeleka mzigo ulioandaliwa kustahimili saa hizo.

Jambo la kwanza la kuelewa, na ndilo linalopuuzwa zaidi, ni kwamba kontena la ubaridi limeundwa kutunza ubaridi ambao matunda yameingia nao, si kuyapoza matunda yenye joto. Matunda yaliyopozwa hadi ndani ya nyama, kwa kawaida nyuzi 5 hadi 7 kwa aina ya Hass, hupata joto polepole umeme unapokatwa. Yakiingia yakiwa na joto la shambani, mashine itahangaika safari nzima bila kulimaliza, na kila umeme unapokatwa yataanza kuiva. Kwa hiyo pima joto kwa kipimajoto cha sindano kilichochomwa katikati ya tunda, kwenye katoni za paleti kadhaa (majukwaa ambayo katoni hupangwa juu yake), wala usiridhike na namba inayosomeka mlangoni mwa chumba cha ubaridi.

Ili hilo liwezekane, matunda yanapaswa kufika kwenye chumba cha ubaridi siku ileile ya kuvunwa, au yasipite saa 24. Kwa maoni yangu, saa chache ambazo kreti hukaa juani kando ya barabara zikisubiri gari ndizo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu muda wa maisha ya tunda uliopotea pale haurudishwi na ubaridi wowote. Wekeni kreti chini ya kivuli, na pale ambapo gari haliingii shambani kikundi kijenge kibanda cha kukusanyia. Vuneni umande ukishakauka, kwani ngozi ya tunda lililolowa huumia kirahisi linaposhikwa. Kateni kwa mkasi na kuacha kikonyo cha milimita chache: tunda lililong'olewa kikonyo huingiza vimelea vya uozo, na lenye kikonyo kirefu huchoma wenzake kontena linapotikiswa na kreni.

Ukomavu nao una uzito wake, hasa tangu mwishoni mwa 2023, ambapo meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Ulaya ikarefuka kwa takriban siku 10 au zaidi. Tunda changa husinyaa bila kuiva vizuri. Lililokomaa kupita kiasi huivia njiani. Kipimo chake si kigumu: kwaruza gramu 10 za nyama ya tunda, kausha hadi uzito usipungue tena, kisha pima. Zikibaki gramu 2.3, ukavu, yaani sehemu ya tunda isiyo maji, ni asilimia 23. Kiwango cha chini cha Hass katika soko la Ulaya ni asilimia 21, ingawa wanunuzi wengi hutaka zaidi.

Katika kupakia, katoni ikae pembe juu ya pembe, maana nguvu yake imo kwenye pembe, na isichomoze nje ya paleti. Katoni iliyolowa unyevu ikataliwe. Paleti zifungwe kwa mikanda na vishikizo vya pembeni, matundu ya katoni yalingane ili hewa baridi inayotoka sakafuni ipande kati ya matunda, na mzigo usivuke mstari mwekundu uliochorwa ukutani. Nafasi tupu ya sakafu karibu na mlango izibwe, la sivyo hewa yote hukimbilia huko na kuacha matunda ya katikati yakipata joto.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi wana tishio tofauti. Kontena lao halina mashine ya ubaridi, hivyo likikaa uwanjani hupata joto mchana na kupoa usiku, na mvuke uliomo hugeuka matone yanayodondokea magunia. Kahawa iingie ikiwa na unyevu wa asilimia 11 hadi 12, kontena litandikwe karatasi nzito, na kabla ya kupakia mtu aingie ndani, afungiwe mlango na kutazama kama kuna mwanga unaopenya.

Mwisho wa kupakia, weka vifaa viwili vya kurekodi joto, kimoja karibu na mashine na kingine karibu na mlango. Andika joto la nyama ya matunda, saa ya kufunga mlango na namba ya lakiri (kifungio cha mlango wa kontena), kisha piga picha. Mnunuzi akidai kwamba mzigo umefika umeharibika, rekodi hizo ndizo zitakazoonyesha kama joto lilipanda shambani, kwenye lori la kuelekea Dar es Salaam, au uwanjani katika bandari ya kati, na madai ya fidia yatafuata njia hiyo.