Kabla ya kupiga polishi gari jeusi

Gari jeusi halifichi kitu. Kwenye gari jeupe au la rangi ya fedha mikwaruzo midogo humezwa, lakini kwenye jeusi kila mkwaruzo hutawanya mwanga na kuonekana mweupe. Ndiyo maana jua likipiga boneti unaona kama utando wa buibui uliozunguka mng'ao. Mikwaruzo yenyewe haikuchorwa kwa mduara. Imelala kila upande, ila ile iliyokingama na mwanga ndiyo inayong'aa, na macho huiona kama mviringo. Ukilielewa hilo, hutadanganyika kwamba kuna kitu juu ya rangi cha kufuta. Kuna vijifereji ndani yake, na njia ya kuviondoa ni kupunguza kuta zake.

Maana kupiga polishi ni kupunguza. Magari mengi ya leo yana rangi nyeusi chini na vanishi isiyo na rangi juu, ile ambayo mafundi huiita klia. Unene wa klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 35 hadi 50 hivi, na unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Ukishaila hairudi mpaka gari lipakwe upya. Kwa hiyo kabla ya kununua chupa yoyote, lifahamu gari lenyewe: limewahi kupakwa rangi mlango gani, limepigwa polishi mara ngapi. Ukipata kipimo cha unene wa rangi, pima kila paneli mahali kadhaa. Rangi ya kiwandani, matabaka yote pamoja, mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 150. Mlango ukisoma 250 wakati mingine yote inasoma 120, huo umepakwa upya. Ukisoma chini ya 80, mimi siweki mashine ya polishi hapo. Lakini usikiamini kipimo kupita kiasi: kinasoma jumla kuanzia kwenye bati, hakikuambii klia peke yake imebaki kiasi gani, na vile vya kawaida havisomi bampa la plastiki kabisa.

Kwa gari la zamani, weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, hakuna klia. Unakula rangi yenyewe, nawe uende taratibu zaidi. Mkwaruzo unaonasa ukucha unapopitisha kidole umezama mno, uache, utapungua makali tu. Gari lililotoka kupakwa juzi lisubiri hadi aliyelipaka aseme rangi imekomaa. Na kama ni jeusi lisilong'aa, lile la mati, usiliguse kwa polishi kamwe. Litapata mabaka yanayong'aa ambayo hayaondoki.

Kuosha ndiko ninakotaka utumie muda wako. Mikwaruzo mingi unayotaka kuiondoa ilitokana na uoshaji, na mchanga uliobaki ukinaswa chini ya pedi, ile sponji inayofungwa kwenye mashine, mashine itausaga juu ya rangi. Anza kwa maji mengi yenye nguvu, ukitoa vumbi bila kugusa. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu kila unapomaliza paneli. Teremka kutoka paa kwenda chini, sketi za milango mwisho, na magurudumu yawe na ndoo na vitambaa vyake mwenyewe. Sabuni ya vyombo siipendi. Lami itolewe kwa dawa yake, na chembe za chuma zitokazo kwenye breki kwa dawa ya chuma, ambayo hugeuka zambarau inapozikuta. Kausha kwa taulo kubwa laini la maikrofaiba, ukililaza na kuliinua badala ya kusugua.

Sasa pitisha kiganja ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni juu ya rangi. Ukihisi chengachenga, rangi bado ina uchafu ulioshikamana, na unahitaji udongo laini wa kusafishia rangi pamoja na kilainishi cha kutosha. Ukidondoka chini, utupe, usiukande na kuendelea. Kwenye jeusi udongo karibu kila mara huacha alama hafifu, ndiyo sababu huja kabla ya polishi. Asiyepanga kupiga polishi siku hiyo asiuguse.

Mahali pa kazi pawe na kivuli, na bati liwe baridi mkononi. Bodi nyeusi iliyokaa juani hupata joto la kuunguza kiganja, na polishi hukauka hapo kabla haijafanya kazi. Pia uwe na taa kali yenye nukta moja ya mwanga, hata tochi nzuri. Nilishawahi kumaliza boneti nzima chini ya taa ndefu za dari nikaona kioo kitupu. Asubuhi jua lilinionyesha michirizi ya mashine kutoka mwanzo hadi mwisho, nikarudia kazi yote.

Kwa anayeanza, chagua mashine inayozunguka huku ikitikisika. Ile ya mzunguko mmoja hukata haraka na hutoboa klia haraka vilevile. Andaa pedi tano au sita, maana pedi iliyoshiba huchora, na taulo nyingi safi zilizofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo. Ziba kwa tepu ya karatasi raba, plastiki zisizopakwa rangi na kingo kali za milango na boneti, kwani kwenye kingo klia ni nyembamba zaidi.

Mwisho wa maandalizi ni kipande cha majaribio, nusu mita kwa nusu mita, katikati ya boneti. Anza na pedi laini na polishi nyepesi kabisa ulizonazo. Pita kwa mistari inayopishana, kisha futa kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukuonyesha umalizio ambao haupo. Piga taa kutoka pande tofauti. Kama utando umebaki, panda daraja moja tu, polishi kwanza, pedi baadaye, ujaribu tena palepale. Ukipata mchanganyiko unaotosha, andika: pedi ipi, polishi ipi, kasi namba ngapi, umepita mara ngapi. Ndipo uende mlangoni.