Jinsi ya kutengeneza prototaipu ya projekti ya disaini kabla hujagusa kompyuta

Wanafunzi wengi prototaipu, yaani modeli ya kujaribia, wanaitengeneza wiki ya kupresenti, inapigwa msasa inapakwa rangi inang'aa kweli, halafu mwalimu akiishika tu inaonekana mpini ni mnene haushikiki, na hapo muda wa kurekebisha hamna tena. Dawa yake ni kutengeneza modeli nyingi mbaya mapema, kila moja ikiwa na kazi yake. Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho: unadisaini kifaa cha kumsaidia mzee mwenye baridi yabisi kufungua kifuniko cha chupa ya kioo, zile za mdomo mpana.

Hatua ya 1: andika swali

Kabla hujashika kisu andika kwenye karatasi unataka modeli ikujibu nini, swali moja tu. "Je disaini yangu ni nzuri?" hilo sio swali, maana hata ukijibiwa ndiyo hujui ufanye nini kesho. "Mpini unene gani unashikika bila kukunja vidole sana?" hilo ndio swali. Jeff Hawkins, aliyebuni Palm Pilot (kompyuta ndogo ya mfukoni ya kuwekea ratiba), kabla haijatoka mwaka 1996 alikuwa anatembea na kipande cha mbao mfukoni, anakitoa anajifanya anaandika ratiba yake, manake alitaka kujua kitu cha saizi ile mtu atakibeba na kukitumia kweli au la. Hakuna skrini, hakuna betri, na jibu kalipata.

Hatua ya 2: tengeneza tatu, sio moja

Ukimpa mtu modeli moja atakwambia "iko poa" kwa sababu hataki kukuumiza, ila ukimpa tatu lazima achague, na akichagua atakupa sababu bila hata kumuuliza. Kwa hiyo kunja karatasi ngumu iwe bomba, izungushie maski tepu mpaka upate kipenyo cha milimita 25, nyingine 35, nyingine 45. Zote ziwe na urefu uleule na tepu ileile, ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kimefanya kazi. Hii haitakiwi ikuchukue zaidi ya nusu saa, na kama unaona aibu kuionyesha kwa ubaya wake basi uko sehemu sahihi.

Hatua ya 3: kadibodi, na hapa tukae kidogo

Watu wanaidharau kadibodi kwa sababu hawajui kuikata. Weka wembe mpya kwenye kisu, rula iwe ya chuma (ya plastiki kisu kinaila, mstari unapinda), vidole vya mkono ulioshika rula vikae mbali na njia ya kisu, halafu pitisha kisu mara tatu nne kwa mkono mwepesi. Ile ya kukandamiza kwa nguvu ukate kwa mara moja ndio inachana kingo na ndio inakata watu vidole.

Sasa angalia ile mifereji ya ndani. Kadibodi inakunjika kirahisi ukiifuata mifereji na inagoma ukiikatiza, kwa hiyo sehemu itakayobeba nguvu hakikisha mifereji inakwenda kwa urefu wake, na ukitaka kukunja kwa kukatiza pitisha kwanza peni iliyoisha wino juu ya mstari ili uminye bila kuchana. Ukitaka ipinde kama duara kata safu ya juu tu, mistari mingi sambamba na mifereji, ya chini iache nzima. Ukitaka kitu kigumu kabisa gandisha vipande vitatu kwa gundi nyeupe, mifereji ya kila kipande ikikatiza ya mwenzake, weka vitabu vizito juu, acha mpaka kesho.

Ukitumia lile foamu jeupe jepesi, usilipulizie rangi ya kopo wala supa gluu moja kwa moja, litayeyuka mbele ya macho yako. Lipake gundi nyeupe kwanza, likauke, halafu rangi ya maji.

Hatua ya 4: uzito

Modeli ya karatasi ni nyepesi mno kwa hiyo inadanganya mkono. Kama kitu halisi kitakuwa gramu 200, jaza mchanga mpaka ifike gramu 200.

Hatua ya 5: mpe mtu, kisha unyamaze

Hii ndio ngumu kuliko zote. Mpe mzee mwenyewe, sio rafiki yako wa darasani mwenye vidole vizima, mwekee chupa mezani mwambie "naomba uifungue" basi, usimwonyeshe pa kushika. Angalia mkono, usiangalie uso: kashika kwa kiganja au kwa ncha za vidole? Kiwiko kimenyanyuka? Kaikumbatia chupa kifuani? Hiyo ya kifuani ikitokea shida yako sio mpini tena, shida ni chupa kuteleza juu ya meza, na projekti nzima inageuka hapo hapo, na bora igeuke saivi ukiwa bado na karatasi tu mkononi.

Hatua ya 6: sasa kompyuta na printa ya 3D

Usiprinti kifaa kizima. Printi ile sehemu ya kuungana tu, maana tundu kwa kawaida linatoka dogo kidogo kuliko ulivyochora, anza na nafasi ya milimita 0.2 au 0.3 kila upande uone kama kipande cha pili kinaingia. Na ulaze kipande vizuri, printa inajenga kitu kwa kupanga plastiki tabaka juu ya tabaka, na kinavunjika kirahisi kati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo mkono wa kifaa ulale, usisimame wima.

Hatua ya 7: picha

Piga kila modeli na rula pembeni, iandikie namba na lile swali lake, hata ile iliyovunjika. Rangi na msasa vije baada ya hapo, na muda ukikubana ruka rangi.